Herufi Elfu Tano

Mteja akinikaba sana kwenye bei ya geti, sibishani naye. Nasema sawa bosi wangu, napiga hesabu upya, na palipokuwa na bomba la geji 16 naweka la geji 18. Geti linatoka lilelile kwa macho: rangi ileile, maua yaleyale ya chuma juu, kitasa kilekile. Mteja anaondoka anacheka peke yake, anakwenda kuwasimulia majirani alivyomweza fundi. Baada ya masika mawili geti linaanza kuinama kama mzee anayetafuta kandambili chini ya kitanda, naye ananipigia simu kuuliza limepatwa na nini. Huwa nasema ni chumvi ya bahari.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akanitetea. Nina miaka 19 kwenye kuchomelea, na hakuna anayejua kuliko mimi kwamba bei haishuki mikono mitupu, lazima iondoke na kitu. Nilikuwa nalijua hilo vizuri siku niliyokwenda kuomba kupunguziwa na mtu aliyeshika sindano.

Chanzo ni mke wangu, Khadija. Khadija yenye K. Marehemu baba yake alikuwa karani, akaijaza fomu ya cheti cha kuzaliwa kwa mkono wake mwenyewe, na hiyo K mke wangu anaitunza kama shamba la urithi. Mtaani wanamwita Mama Rama, anaitika. Ukimwita Hadija kwa mdomo, anaitika vilevile. Ukimwandika Hadija, anakurudishia karatasi.

Mwaka juzi mashine yangu ya kuchomelea iliungua, na yeye ndiye aliyeingia kwenye kikoba chao akakopa, karakana ikaamka. Siku nilipomaliza rejesho la mwisho alifungua kitabu cha kikoba, akanionyesha. "Jina langu limeandikwa kwenye deni lako mara ishirini na nne," akasema. "Kwingine maishani mwako sijaliona." Alikuwa anatania, lakini ni utani wa mke wa ndoa ya miaka 15, huo hupimwa kwa mizani ya mkaa. Nikatoka nje kupunga upepo, nikainua macho, nikaliona geti letu. Nililichomelea mwenyewe. Juu yake kuna herufi tatu za chuma, zote za jina langu.

Ndipo likanijia wazo la tatuu.

Wa kwanza niliyemwendea alikuwa na studio upande wa kwenda Mwenge, chumba cheupe chenye kiyoyozi na kitanda kama cha daktari wa meno. Nilitegemea kukuta jitu la misuli lililochorwa mpaka kope. Nikakuta binti wa umri wa kuwa mwanangu, kajifunga kitambaa kichwani. "Shikamoo, baba," akasema. Palepale nikajua nimeshapoteza elfu hamsini, maana mtu aliyekuamkia vizuri hivyo unaanzaje kumkaba?

Nikamwonyesha picha kwenye simu: waridi, shina lenye miiba, utepe, na ndani ya utepe jina. Akaniuliza naitaka wapi. Mbavuni, nikasema, upande wa moyo.

"Mbavuni bei inapanda, baba. Ngozi ni nyembamba, iko juu ya mfupa, inauma sana, na wewe utakuwa unapumua."

"Na mkononi sitapumua?"

"Utapumua. Ila mkono hautapanda na kushuka wakati navuta mstari."

Hilo nililielewa mara moja. Hata mimi kuchomelea bomba lililolazwa mezani ni bei moja, na kuchomelea nikiwa juu ya ngazi, nimeshika ukuta kwa goti, ni bei nyingine. Tukahamia kwenye mkono, sehemu ya ndani, chini ya kiwiko, ambako ni tambarare na panavumilika.

"Rangi ngapi?"

"Binti yangu, mimi naishi Rangi Tatu, lakini mfuko wangu ni wa rangi moja."

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanieleza jambo ambalo nilidhani ni mbinu ya biashara, kumbe ni ukweli: wino hukaa chini ya rangi yetu ya asili, si juu yake, kwa hiyo kila unachokiona unakiona kupitia ngozi, kama taa nyuma ya pazia la kahawia. Njano na waridi hafifu kwa mtu mweusi kama mimi vinahitaji kujaribiwa kwanza na kurudiwa, na kila kurudia ni muda. Nyeusi inatulia. Na mistari isibanane, kwa sababu wino hutanuka kidogo kadiri miaka inavyokwenda, na mahali palipokuwa na majani matatu patakuwa na doa moja.

Mchoro wote, pamoja na waridi, ulikuwa Sh 350,000. Waridi likaondoka. Miiba ikaondoka na waridi. Utepe ukaondoka. Likabaki jina tupu kwa herufi za kujikunja: Sh 150,000, na hapo akasimama kama nguzo ya umeme.

Nikatoa silaha zangu zote. Nikamwambia mimi ndiye mteja wake wa kwanza leo, anipe bei ya kufungulia. Nikamwambia nimetoka mbali, daladala mbili. Nikamwambia nitamletea wateja, wachomeleaji watupu, watu wenye mikono mikubwa yenye nafasi. Nikafanya hata ule ujanja wa Kariakoo wa kuinuka na kutembea taratibu kuelekea mlangoni nikisikilizia kuitwa. Sikuitwa. Nikarudi kujifanya nimesahau kofia.

Akavuta droo. Sindano, kila moja kwenye pakiti yake iliyofungwa, inatumika mara moja na kutupwa. Glovu. Plastiki ya kufunika mashine na waya. Vikombe vya wino vidogo kama vifuniko vya dawa ya macho, navyo hutupwa pamoja na wino uliobaki. Pembeni mashine ya mvuke inayochemsha vyuma mpaka nyuzi 121, kwa ajili ya homa ya ini na ndugu zake. "Hivi vyote vinaondoka hata nikikuchora nukta moja," akasema. "Ndiyo maana kwangu bei ya chini kabisa ni elfu hamsini."

"Nukta elfu hamsini?"

"Nukta elfu hamsini."

Nukta hiyo niliibeba mpaka karakana. Kwa wiki nzima ilikuwa ndiyo kichekesho chetu. Mtu akitoboa bati, tunamwuliza katoboa za milioni ngapi.

Sikuwasimulia wenzangu yaliyobaki. Kwamba aliniambia alifanya mazoezi mwaka mzima juu ya machungwa na ngozi za bandia kabla hajamgusa mtu, na hiyo nayo imo kwenye bei. Kwamba aliniandikisha jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akaniambia nilisome kwa sauti, halafu nitie sahihi. Kwamba alitaka elfu hamsini ya awali kwa ajili ya kuchora mfano, isiyorudi, nami nikakasirika, mimi ambaye sinunui hata fimbo moja ya kuchomelea kabla mteja hajaweka nusu. Wala neno lake la mwisho sikulisema. "Naweza kupunguza bei, baba, ila niambie tupunguze kazi ipi." Yaani alitamka kwa mdomo, mbele ya mteja, kile ambacho mimi nimekuwa nikikifanya kimyakimya kwa miaka 19.

Nikamwambia nitarudi. Kila mfanyabiashara wa nchi hii anajua maana ya nitarudi.

Wa pili alikuwa na kibanda nyuma ya kinyozi, hatua chache kutoka stendi. Ukutani alibandika boksi lililokatwa, limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: HERUFI 5,000. NYOTA 7,000. MOYO 10,000. MOYO NA MSHALE 12,000. Nikaipenda bei hii kama mtu anavyopenda nyumbani. Hakuna mbavu, hakuna pumzi, hakuna machungwa. Mshale ni elfu mbili na kila mtu anauona.

"Karibu, mshua. Jina gani?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. K, h, a, d, i, j, a. Saba. Elfu thelathini na tano. Mfukoni nilikuwa nayo, tena imezidi. Sasa sikiliza ubongo wa mtu aliyezoea kupunguziwa bei unavyofanya kazi. Hakukuwa na sababu yoyote ya kupunguza, bei ilikuwa tayari robo ya ile ya studio. Lakini kununua kitu kwa bei iliyoandikwa ni aibu fulani, kama kula bila kunawa. Nikaitazama ile K. Haitamkwi mtaani. Haisikiki daladalani. Inakaa mbele ya jina kama mgeni asiyejitambulisha, na inataka elfu tano.

"Andika Hadija," nikasema.

"Na nukta za i na j, zinalipiwa?" nikauliza.

"Nukta ni ofa, mshua."

Kule nukta elfu hamsini, huku nukta bure. Nilijiona mshindi wa mkoa.

Sindano aliifungua mbele yangu, kwa hilo namshukuru. Wino aliumimina kwenye kizibo cha soda ambacho sikukiuliza kimetoka wapi. Mashine ilikuwa ya umeme, yenye pedeli ya mguu kama cherehani, na sauti yake ni ya nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Baadaye nilisoma kwamba babu wa mashine hizi ni kalamu ya umeme ya Thomas Edison, ya 1876, ambayo ilitoboatoboa karatasi ili barua moja iweze kunakiliwa mara nyingi. Mmarekani mmoja, Samuel O'Reilly, aliyekuwa akichora watu New York, akaitazama dhana hiyo, akaona kinachotoboa karatasi kitatoboa na baharia, akapata hataza ya mashine yake mwaka 1891. Kwa hiyo kilichokuwa kinaniuma mkononi kilizaliwa kuwa kifaa cha ofisi, na kifaa cha ofisi, kama tunavyojua, kinaweza kusimama kazi katikati ya barua.

H ikaenda vizuri. Maumivu si ya kisu, ni ya mtu anayekukwaruza kwa ukucha mahali alipoungua na jua, bila kuchoka. Kwenye a nikaanza kuhisi kijana anakandamiza. Nilitaka kusema, nikajizuia, maana hata mimi sipendi mteja anayesimama nyuma yangu. Lakini nilijua. Kuna kina ambacho wino unatakiwa kufika, safu ya pili ya ngozi, kati ya milimita moja na mbili hivi. Ukiishia juu, mchoro unabanduka na magamba. Ukizama, wino unatapakaa pembeni na mstari unavimba kama kamba iliyolowa. Ni habari ileile ya moto wa kuchomelea: ukiwa mdogo, chuma kinabandikana kama ubani, siku ya upepo kinaachia. Ukizidi, umetoboa bomba. Kijana alikuwa anatoboa bomba.

Akamaliza d. Akashuka na i. Akainua sindano aende kuweka nukta.

Nyigu akanyamaza.

Feni ikazunguka raundi mbili za mwisho, ikasimama. Mashine ya kinyozi nayo ikazimika, na kwenye kiti cha mbele mteja aliyenyolewa upande mmoja akageuka kututazama kama sisi ndio tuliomfanyia hivyo. Nyuma ya ukuta ikasikika sauti ninayoijua kuliko sauti ya mama yangu, sauti ya grenda inayokufa taratibu. Kumbe nyuma ya kibanda kulikuwa na fundi wa mageti, na wote watatu walikuwa kwenye mita moja ya LUKU.

Nimechangia LUKU na mafundi cherehani, na mama wa mgahawa, na mtu wa kuchaji simu. Najua anayekula uniti ni nani. Kwa miaka 19 nimeapa kwa majirani zangu kwamba mashine ya kuchomelea haili umeme mwingi kama watu wanavyodhani. Sasa nimekaa upande wa pili wa ukuta, mkono uko mezani, nalisikia neno langu likiapwa na mtu mwingine kwa sauti ileile ya unyonge.

"Zamu yenu!"

"Jana nimeweka elfu kumi mimi!"

"Ya jana uliimaliza wewe na hilo geti lako!"

Ugomvi ulikwenda mpaka adhana ya magharibi. Kulikuwa na njia rahisi ya kuumaliza: ningetoa simu, ningenunua umeme wa elfu tano, nukta ingekaa, j ingefuata, na a, ningekwenda nyumbani na mke mzima. Nilikwishaitoa simu. Kisha nikakumbuka kwamba elfu tano ni bei ya herufi moja. Nikitoa elfu tano nitakuwa nimelipa elfu thelathini na tano, yaani bei ya Khadija, na bado K sina. Akili ikakataa. Nikarudisha simu mfukoni.

Kijana alikuwa mwaminifu, lazima niseme. Alifungua droo, akahesabu, akanirudishia shilingi elfu kumi. "J na a, mshua. Sijazifanya, siwezi kula hela yako. Kesho ukija tunamalizia."

Nikatoka na chenji ya jina la mke wangu. Mkononi, chini ya mfuko wa nailoni, palisomeka: Hadi.

Nyumbani, Khadija alishika taa, akaushika mkono wangu kwenye mwanga, akanyamaza kwa muda unaotosha kuchemsha maji ya chai.

"Hadi nini?"

Nikamweleza habari ya umeme.

"Sawa. Na K yangu?"

Nikamweleza habari ya K.

Sitaandika alichosema. Nitasema tu kwamba alilitaja lile neno elfu tano mara kadhaa, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, kisha akaingia ndani, akakileta kitabu cha kikoba, akakiweka mezani kimefungwa, na kwenda kulala.

Sikurudi kesho yake. Mkono ulivimba, na kile kizibo cha soda kilianza kunijia usiku. Nikaenda hospitali kupima. Kipimo cha VVU sikulipia, cha homa ya ini nikalipia, pamoja na dawa ya kupaka, pamoja na nauli. Wakaniambia nirudi tena baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa baadhi ya magonjwa haya huchelewa kuonekana. Zile elfu kumi za chenji zilikwisha kabla ya dirisha la dawa.

Halafu yakaanza maisha na neno hadi.

Siku ya kwanza nimevaa mikono mifupi, nimepanda daladala kurudi nyumbani, konda akanyoosha mkono kupokea nauli, akasoma. "Hadi wapi, mzee?" Nikajibu "Hadi Rangi Tatu" kabla sijaelewa kwa nini siti ya nyuma yote inacheka. Karakana alikuja mama mmoja ambaye madirisha yake nimekuwa nikiyaahidi tangu mwezi wa Rajabu. Akanisikiliza nikieleza kwamba nondo zimepanda bei, akateremsha macho mkononi kwangu. "Naona umejiandikia mwenyewe, fundi. Haya, hadi lini?"

Ila pabaya kuliko pote palikuwa msikitini. Nilichagua mkono kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu kuliko mbavu, na sikukumbuka kwamba mbavu hazitawadhwi. Unaweza kuingia na kanzu ya mikono mirefu mpaka kwenye kucha, lakini bombani utaikunja tu, mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa nageukia ukutani. Ijumaa moja mzee wa safu ya mbele akakaa bomba la pembeni, akaosha uso, akatazama. Msimamo wa dini juu ya tatuu anaujua, nami naujua, kwa hiyo nikasubiri hotuba. Akasema tu, kwa upole: "Hadi lini, mwanangu?" Mpaka leo sijui kama alikuwa anasoma au ananiasa.

Nisijione wa kwanza kwenye msiba. Mpwa wangu alichora nyota begani, ile ya elfu saba, akiwa kidato cha nne. Alipotaka kuomba kazi ya polisi ndipo alipousoma mstari wa tangazo unaotaka mwombaji asiwe na michoro ya namna hiyo mwilini. Nyota ya elfu saba ikawa ghali kuliko gari.

Bibi yake Khadija alikuja kutoka Newala kutibiwa macho, akakaa kwetu mwezi. Ni Mmakonde wa kizazi kile: nembo mashavuni na kwenye paji la uso, mistari ya pembepembe iliyopangwa kwa nidhamu ambayo mimi na rula yangu ya chuma hatuipati. Walichanjwa kwa chuma chenye makali, jeraha likasuguliwa masizi ya mbarika, na isipokolea wanarudia palepale. Alipouona mkono wangu aliupapasa kwa kidole, maana macho yalikuwa bado.

"Hii ndiyo nembo ya mjini?"

"Ndiyo, bibi."

"Umetoa nini?"

Nikamtajia. Akaguna. Kwa yake, akasema, walitoa kuku, na sharti la kutolia. "Na yangu iliisha," akaongeza.

Mwisho wa mwisho nikarudi Mwenge. "Shikamoo, baba," akasema yule binti, na hakuuliza nilikuwa wapi. Akavaa glovu, akavuta taa, akaitazama kazi kama ninavyotazama geti lililochomelewa na mtu mwingine. Hiyo nayo ina bei yake kwetu. Kutengeneza geti jipya ni kazi, kurekebisha la fundi mwingine ni kazi pamoja na matusi.

Akanihesabia. Herufi zimetapakaa, kwa hiyo hawezi kuendeleza j na a nyembamba pembeni ya minyoo hii. Itabidi zote zinenepeshwe ili uchafu ufichwe ndani, na kufunika siku zote kunataka mchoro mkubwa na mweusi kuliko ulio chini yake. Chini ya a pana kovu lililoinuka, na ngozi zetu zina tabia ya kuvimbisha makovu, hapo hagusi mpaka patulie. Sh 240,000. Hiyo ni kwa Hadija.

"Na K?"

Akakunja mkono wangu, akaukunjua. Yule kijana alianzia juu kabisa, H ikakaa chini tu ya mkunjo. Nafasi pekee iliyobaki kwa K ilikuwa ndani ya mkunjo wenyewe wa kiwiko, ambako ngozi ni laini, inauma, inajikunja kutwa nzima, na wino haushiki vizuri. Lazima irudiwe. Ile herufi niliyoikataa kwa elfu tano sasa ilikuwa ghali kuliko nyingine zote.

"Kufuta je?"

Kufuta kwa leza hakufanyi yeye, lakini alinielekeza kliniki, nikaenda. Mwanga wa leza unavunja wino vipande vidogo, mwili unavibeba taratibu, na nyeusi ndiyo inayotoka kirahisi kuliko rangi nyingine. Hiyo ndiyo habari njema. Habari nyingine ni kwamba mwanga huo unaivutia pia rangi ya ngozi, kwa hiyo kwa mtu mweusi wanakwenda polepole na kwa mashine inayofaa, la sivyo doa jeusi linaondoka na kuacha jeupe. Malipo ni kila unapokwenda, Sh 120,000, na unakwenda mara nyingi, kwa kupishana wiki kadhaa. Nikazidisha kichwani nikiwa bado kwenye kiti. Kwa pesa hiyo ningechomelea geti la msikiti.

Nikarudi kwa binti nikiwa mnyonge. "Basi niwekee nukta tu juu ya hiyo i," nikamwambia, "angalau kitu kimoja kiishe."

Akanitazama kwa huruma. Tukasema pamoja: elfu hamsini.

Sikuiweka.

Aliyeiweka ni Khadija. Mkesha wa Idi alikuwa amekaa ukumbini na koni ya hina, anawapamba mabinti wa mtaa mmoja baada ya mwingine. Piko hataki kuiona, aliwahi kumshuhudia bibi harusi ambaye mikono ilimbabuka malengelenge kwa dawa ya nywele iliyochanganywa humo. Mabinti walipokwisha akanivuta mkono bila kusema neno. Akaweka nukta. Akaandika j, akaandika a, mpaka karibu na saa yangu. Kisha akaukunjua mkono vizuri, akainama, na pale kwenye mkunjo akachora K kubwa yenye mkia, ya ukarani kabisa. Asubuhi nilikwenda kuswali na jina la rangi mbili, nyeusi katikati na nyekundu pembeni. Yule mzee wa safu ya mbele akasoma yote, midomo ikicheza. "Kumbe," akasema, na akaendelea kuosha miguu.

K ilifutika baada ya siku sita, kwa jasho na kukunjakunja. Zikafuata nukta, ikafuata a. Kabla ya mwezi kuandama tena nilikuwa nimesharudi kuwa Hadi.

Idi ya pili nikamwendea mwenyewe na mkono umekunjuliwa. Akaniambia ile ya mara ya kwanza ilikuwa ya kufungulia biashara. Sasa ana bei. J elfu kumi, a elfu kumi, nukta elfu tano kila moja. K elfu hamsini.

"Elfu hamsini! Kwa nini?"

"Mahali ilipo," akasema. "Panajikunja."

Nikamwambia mimi ndiye mteja wake wa kwanza leo. Akaendelea kuminya koni. Nikamwambia nina elfu thelathini, ndiyo yote. Akasimama kidogo, akafikiri, akachomeka pini kwenye ncha ya koni isikauke. Akasema kwa pesa hiyo anaweza kuniandikia Hadija, ila mwanamke huyo yeye hamfahamu.